Wakili Kwanza, Fedha Baadaye

Askari anapostaafu hurudisha silaha ghalani, hukabidhi sare na vifaa vya serikali, hupokea kiinua mgongo chake, kisha hushika njia ya nyumbani. Tangu siku hiyo usalama wake haumo tena mikononi mwa kamanda wala haulindwi kwa bunduki. Umo katika matumizi ya fedha alizozipata, na mara nyingi umo katika uamuzi mmoja atakaoufanya katika miezi michache ya kwanza. Katika Arua na Koboko, kama katika sehemu nyingine za Uganda, uamuzi huo ni wa kununua ardhi: kiwanja cha kujenga nyumba ya familia, shamba la muhogo na simsim, au mahali pa duka kando ya barabara. Nia hiyo ni njema na haina lawama. Lakini hapo hapo ndipo jasho la miaka ishirini liwezapo kupotea kwa asubuhi moja.

Hupotea kwa njia gani? Ichukuliwe mfano wa koplo mmoja, mwenyeji wa Koboko, aliyeko Somalia, nchi ambako majeshi ya Uganda yalianza kazi ya kulinda amani mwaka 2007. Siku moja anapigiwa simu na ndugu yake. Kipo kiwanja kizuri karibu na barabara ya lami itokayo Arua kupitia Koboko hadi mpakani Oraba. Bei yake ni nafuu, lakini dalali anasema mnunuzi mwingine anakuja kesho. Koplo hataki kukikosa. Anachukua akiba yake yote, anaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na usiku ule ule anatuma fedha kwa simu. Asubuhi yake mapatano yanaandikwa katika ukurasa wa daftari la shule, muuzaji anatia dole gumba, mwenyekiti wa LC ya kwanza anagonga muhuri, na picha ya karatasi hiyo inatumwa Mogadishu. Koplo analala akiamini kwamba ana ardhi.

Miaka miwili baadaye anarudi kwa likizo. Katika kiwanja chake anakuta msingi wa nyumba ya mtu mwingine, ambaye naye ana karatasi yake, yenye muhuri ule ule. Nyuma ya msingi huo yupo bibi kizee mjane akipalilia muhogo, wala hajapata kusikia jina la koplo. Muuzaji amehamia ng'ambo ya mpaka. Dalali hapokei simu. Koplo anakwenda kituo cha polisi, na konstebo aliyeko kaunta, ambaye huenda naye anakatwa mshahara kila mwezi kwa mkopo wa kiwanja, anafungua jalada ambalo laweza kukaa wazi kwa miaka mingi. Mkopo wa koplo unaendelea kukatwa.

Koplo huyo ni wa mfano tu, lakini kila sehemu ya mkasa wake inajulikana vizuri katika vituo vya polisi na katika mahakama. Tatizo la ardhi lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ya Uganda iliunda tume ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Jaji Catherine Bamugemereire, ambayo ilisikiliza malalamiko ya wananchi na kutoa taarifa yake mwaka 2020. Basi inafaa kuuliza: kosa la koplo lilianzia wapi? Wengi watasema lilianzia kwa dalali, na wengine watasema kwa ndugu yake. Ukweli ni kwamba lilianza pale fedha zilipotangulia uchunguzi. Hakuna askari anayekubali kuingia porini usiku bila upelelezi. Lakini askari huyo huyo huingia katika ununuzi wa ardhi akiwa amefumba macho, na kumwita wakili wakati mambo yamekwisha haribika.

Wakili ni mtu wa namna gani? Huko Uingereza kazi ya kuhamisha umiliki wa ardhi kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi hufanywa kwa desturi na solisita, na yule anayesimama kutetea kesi katika mahakama kuu ni mwanasheria wa aina nyingine. Katika Uganda, kama katika Kenya na Tanzania, wakili mmoja huruhusiwa kufanya kazi zote mbili. Ili afike hapo, mtu husoma sheria chuo kikuu, kisha hupata stashahada ya utendaji wa sheria, kama ile itolewayo na Law Development Centre, kisha huandikishwa katika orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu. Hata hapo haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate cheti cha kufanya uwakili, nacho hutolewa upya kila mwaka. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na shahada ukutani na tai shingoni, lakini kama hana cheti cha mwaka huo, kwa shughuli hiyo hana ruhusa ya kufanya kazi ya wakili.

Jambo hili la cheti ndilo la kwanza la kuangaliwa. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiyestahili kuandika kwa malipo hati za kuhamisha umiliki wa ardhi, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Hata hivyo wapo watu wenye kalamu nzuri na maneno mengi, wanaojua kuandika mapatano kwa Kiingereza kizito, ambao si mawakili hata kidogo. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa cheti, na wakili mwaminifu haoni haya kukionyesha. Aidha, ofisi za mawakili hukaguliwa na Baraza la Sheria, na ofisi iliyopasishwa hupewa hati ya kuthibitisha jambo hilo. Dakika kumi za kuangalia karatasi hizo mbili zaweza kuokoa mapato ya maisha mazima.

Jambo la pili ni kwamba wakili awe wa mnunuzi mwenyewe. Mara nyingi dalali husema: "Usijisumbue, wakili yupo, tunafanya naye kazi kila siku." Maneno hayo yanastahili kumwamsha askari kama mlio wa king'ora. Wakili anayelipwa na muuzaji ana wajibu kwa muuzaji. Akigundua kwamba mke wa muuzaji hajaridhia, au kwamba nusu ya shamba ina mgogoro, atamwambia nani? Mtu mmoja hawezi kulinda ngome mbili zinazotazamana. Katika nchi nyingi ni kawaida mnunuzi kuwa na wakili wake na muuzaji kuwa na wake. Askari asiyemjua wakili yeyote aulize kwa watu waliokwisha nunua ardhi na kupata hati zao bila matata, wala si kwa mtu anayetazamia kupata kamisheni katika mauzo hayo.

Jambo la tatu ni aina ya kazi anayoifanya wakili huyo. Kama vile daktari wa meno asivyofaa kuunga mfupa wa mguu, wakili mashuhuri kwa kesi za mauaji huenda asijue njia za ofisi ya ardhi. Kwa ununuzi wa Arua na Koboko anafaa yule anayeijua Ofisi ya Kanda ya Wizara ya Ardhi iliyoko Arua, anayezijua bodi za ardhi za wilaya, na aliye tayari kuvaa viatu vya kutembelea hadi shambani. Mwisho ni malipo. Zipo kanuni za serikali zinazoeleza ujira wa mawakili katika shughuli za ardhi, nao hufuata thamani ya ardhi yenyewe. Mnunuzi aulize mapema, aandikiwe ujira ni kiasi gani, na gharama zipi ziko ndani na zipi ziko nje. Wakili anayetaja bei ya chini kuliko wote kwa kuwa hatafanya uchunguzi wowote si nafuu. Ni hasara iliyocheleweshwa.

Baada ya wakili kupatikana, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Mwaka 1996 ilifunguliwa rufani ya madai namba 7 kati ya Sir John Bageire na Ausi Matovu. Katika shauri hilo Mahakama ya Rufani ya Uganda ilieleza jambo ambalo mawakili hulirudia mpaka leo: kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji asiyejulikana, bali ni mali ya thamani kubwa, na mnunuzi anatazamiwa kuichunguza kwa makini ardhi yenyewe pamoja na mtu anayeiuza. Hapo kuna uchunguzi wa namna mbili, na wakili anapaswa kuufanya wote.

Uchunguzi hutegemea aina ya ardhi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ardhi ni mali ya raia wa Uganda, nayo hushikwa kwa mifumo minne: umiliki wa kimila, umiliki huru, mailo, na upangishaji wa muda maalumu. Mailo ni mfumo wa Buganda hasa. Katika Arua na Koboko askari atakutana zaidi na viwanja vya mjini vyenye hati, ambavyo vingi ni vya upangishaji au umiliki huru, na ardhi za kimila ambazo hazina hati yoyote.

Kwa ardhi yenye hati, sheria inayotumika ni Sheria ya Usajili wa Hati Miliki, iliyoanza kutumika Uganda mwaka 1924. Mfumo wake asili yake ni Australia ya Kusini, ambako Robert Torrens aliuanzisha mwaka 1858. Msingi wake ni mwepisi kueleweka: daftari la serikali ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya nani mwenye ardhi, isipokuwa pale palipotendeka udanganyifu. Kwa hiyo hati aliyoishika muuzaji mkononi haitoshi. Wakili huomba ukaguzi wa daftari katika ofisi ya kanda, apate maelezo rasmi ya jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na mizigo iliyo juu yake. Huenda hati imewekwa rehani benki. Huenda kuna zuio, lile ambalo mawakili huliita kaveti, lililowekwa na mtu mwingine anayedai haki yake. Huenda hati ni ya upangishaji na muda wake umekaribia kwisha: hati ya miaka 49 iliyotolewa mwaka 1977 hufika mwisho wake mwaka 2026, na anayeinunua kwa bei ya ardhi ya milele ananunua miezi tu.

Baada ya daftari, ardhi yenyewe. Mpima ardhi aliyesajiliwa hufungua mipaka na kutafuta mawe ya alama, ili ijulikane kwamba kiwanja kilichoandikwa ndicho hicho kinachoonyeshwa kwa kidole. Imepata kutokea mtu akaonyeshwa kiwanja chenye mwembe mzuri, kumbe namba iliyo kwenye hati ni ya bonde la jirani. Tena wakili huangalia nani anaishi hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mtu aliyekaa au kulima katika ardhi ya mwingine iliyosajiliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza, bila ya mwenye ardhi kumpinga. Kumnunulia mtu kama huyo ardhi chini ya miguu yake hakumwondoi. Mnunuzi aliyeiona nyumba na moshi wake, akajifanya hakuona, hawezi kusema mbele ya jaji kwamba hakujua. Katika shauri la Kampala Bottlers dhidi ya Damanico, rufani namba 22 ya mwaka 1992, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mnunuzi huhesabiwa kuwa na hatia ya udanganyifu si kwa kuutenda mwenyewe tu, bali hata kwa kujua udanganyifu wa mwingine na kuutumia kwa faida yake.

Ardhi ya kimila ndiyo ngumu zaidi, nayo ndiyo iliyo nyingi vijijini. Ugumu wake una historia. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, ilitoa Amri ya Mageuzi ya Ardhi iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa ardhi ya umma. Aliyekuwa akilima ardhi ya mababu akawa anakaa kwa hisani ya serikali tu. Kisha serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, na vita vikafuata katika Nile Magharibi, maelfu ya watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Walirudi miaka ya baadaye, wengine wakiwa wamepoteza wazee waliokuwa wakiijua mipaka. Katiba ya 1995 iliitambua tena ardhi ya kimila kuwa umiliki kamili. Lakini mahali penye mwembe ulioonyesha mpaka, mwembe umekatwa. Na mzee aliyejua nani alimpa nani shamba, amezikwa uhamishoni.

Kisha miji ikapanuka. Koboko ilifanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2005, na tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa kuwa jiji, na vijiji vya Ayivu vikaingia ndani ya mipaka yake. Shamba la ukoo likageuka kiwanja cha jiji pasipo hata jembe kuhamishwa. Kijana aliyekuwa akiona haya kuuza shamba la babu yake sasa anaulizwa bei yake na wageni kila wiki. Kwa desturi za Walugbara na Wakakwa, ardhi ya namna hiyo haikuwa mali ya mtu mmoja ya kuuza apendavyo. Ni ya walio hai, na ya wale watakaozaliwa, na wazee wa ukoo ni walinzi wake. Basi muuzaji aweza kuwa mtoto halali wa nyumba hiyo, akawa anasema kweli kwamba analima hapo, na bado asiwe na mamlaka ya kuuza.

Hapa ndipo wakili mzuri hutofautiana na yule anayekaa ofisini akingoja kugonga muhuri. Wakili mzuri, au karani wake, hufika kijijini. Hukutana na wazee wa ukoo, na huhakikisha kwamba wameridhia mbele ya mashahidi. Huwaita majirani wa pande zote nne, wakaipita mipaka kwa miguu pamoja na mnunuzi na muuzaji, na majina yao yakaandikwa. Huuliza kama kuna makaburi, njia ya maji au njia ya mifugo. Huuliza kama kuna shauri lolote mbele ya wazee au mahakama. Kama mwenye shamba alikwisha fariki, huuliza nani amepewa na mahakama hati ya kusimamia mirathi, kwa kuwa mtoto wa marehemu hawezi kuuza mali hiyo kwa sababu tu yeye ni mkubwa kuliko wadogo zake. Na mauzo yakikamilika, humwonyesha mnunuzi njia ya kuomba cheti cha umiliki wa kimila au umiliki huru, kwa kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya. Muhuri wa mwenyekiti wa LC ni ushahidi mmoja wenye manufaa. Haugeuzi ardhi ya mtu kuwa ya mtu mwingine, wala sheria haimpi mwenyekiti huyo fungu katika bei.

Kuna ridhaa nyingine ambayo wanaume wengi huipuuza, nayo ni ya mke. Sheria ya Ardhi inasema kwamba ardhi ambayo familia inaishi, au inapata chakula chake, haiuzwi, haiwekwi rehani wala haipangishwi bila ridhaa ya mume au mke, iliyotolewa mapema. Mauzo yasiyo na ridhaa hiyo ni batili. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, bila kujua, naye hapati ardhi hiyo. Anachobakiwa nacho ni haki ya kumdai aliyemuuzia arudishe fedha. Na muuzaji aliyekwisha kula fedha na kuvuka mpaka hudaiwa wapi? Ndio maana wakili anapaswa kukutana na mke wa muuzaji, amweleze shughuli kwa lugha anayoielewa, na apokee ridhaa yake kwa maandishi. Askari anayeona jambo hili ni usumbufu akumbuke kwamba sheria hiyo hiyo inailinda familia yake mwenyewe, wakati yeye yuko mbali kwenye kazi ya taifa.

Koboko ina jambo lake la pekee. Iko mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Watu wa kabila moja, hata wa ukoo mmoja, wamegawanywa na mpaka. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Wengine hudhani kwamba kwa hiyo raia wa jumuiya aweza kununua ardhi popote. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi, na kwa sheria ya Uganda asiye raia aweza kupewa upangishaji tu, usiozidi miaka 99. Kwa hiyo uraia wa muuzaji na wa mnunuzi ni jambo la kuthibitishwa kwa kitambulisho cha taifa, si kwa kusikia mtu akisema Kikakwa vizuri.

Uchunguzi ukimalizika salama, ndipo mapatano yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na karibu kila ardhi inazidi kiasi hicho. Mapatano mazuri hutaja ukubwa wa ardhi na mipaka yake, bei yote, tarehe za malipo, siku ya kukabidhi, na adhabu ya atakayevunja ahadi. Fedha zipitie benki, kwa awamu, na fungu la mwisho lizuiliwe mpaka hati za kuhamisha umiliki zitiwe sahihi na kukabidhiwa. Kama mmoja wao hajui kusoma, Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, ambayo ni ya tangu mwaka 1918, inamtaka mwandishi wa hati amsomee na kumweleza maneno yake, kisha aandike jina na anwani yake mwenyewe kuwa shahidi wa jambo hilo. Hati iliyoandikwa kwa Kiingereza isomwe kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, kadiri wahusika wanavyoelewa.

Kwa ardhi yenye hati, bado kuna hatua za serikali. Mthamini wa serikali hukadiria thamani; ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5 ya thamani hiyo, hulipwa. Kisha hati hupelekwa ofisi ya kanda ili jina la mnunuzi liandikwe katika daftari. Wapo wanaosimama katikati ya njia kwa kukwepa ushuru, wakaiweka hati yenye jina la muuzaji chini ya godoro. Siku muuzaji akifa, au akiomba hati mpya kwa kudai ya kwanza imepotea, godoro haliwezi kutoa ushahidi. Kama kuna kuchelewa kokote, wakili aweza kumwekea mnunuzi zuio katika daftari, ili ardhi isiuzwe mara ya pili nyuma ya mgongo wake. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa maneno yao ni kweli neno kwa neno.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Amweleze wakili ukweli wote, hata ule anaouonea haya, kama vile kwamba fedha ni za mkopo au kwamba ardhi inanunuliwa kwa jina la mtu mwingine. Asitie sahihi karatasi tupu hata siku moja. Kila shilingi anayotoa apewe stakabadhi, na kila hati apewe nakala. Akiwa mbali kikazi, asimtumie ndugu fedha na kumwachia mengine. Atoe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, yenye kueleza wazi mipaka ya mamlaka ya huyo ndugu, na azungumze na wakili mwenyewe kwa simu kila hatua. Wakili akimtendea kinyume cha maadili, kama vile kula fedha alizopewa kwa kazi ya mteja, malalamiko hupelekwa kwa kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria, ambayo ina uwezo wa kumsimamisha au kumfuta katika orodha. Wakili si mungu mdogo. Ni mtumishi aliyelipwa, na ana wa kumuuliza.

Lipo jambo moja zaidi linalowahusu wanajeshi na polisi kuliko raia wengine. Sare ina uzito. Mjane wa kijijini akimwona mnunuzi amefika na wenzake wawili wenye magwanda aweza kusema ndiyo wakati moyo wake unasema hapana. Ridhaa ya namna hiyo ni woga tu, na siku mnunuzi atakapovua sare, mjane au watoto wake watakwenda mahakamani. Vilevile polisi anayeombwa kusimamia kuondolewa kwa watu katika ardhi hana budi kuuliza amri ya mahakama iko wapi. Maelekezo ya Jaji Mkuu ya mwaka 2021 kuhusu kuwaondoa watu katika ardhi yalitolewa ili jambo hilo lifanywe kwa utaratibu na kwa kuheshimu utu. Askari anayenunua ardhi kwa njia halali huwa amemsaidia mwenzake asiitwe kesho kuzima moto uliowashwa na ununuzi mbaya.

Arudi sasa yule koplo aliyeko Mogadishu. Simu imelia, ndugu yake anamwambia kipo kiwanja, na mnunuzi mwingine anakuja kesho. Safari hii koplo anajibu: "Mwache anunue. Mimi kwanza natafuta wakili." Wiki nne zinapita. Wakili anafika kijijini, anamkuta bibi kizee katika muhogo wake, anawauliza wazee wa ukoo, na jibu lao ni kwamba ardhi hiyo haiuzwi. Koplo amelipa ujira wa uchunguzi na nauli ya karani kutoka Arua hadi Koboko, safari ya kilometa zipatazo 55. Hana kiwanja. Lakini akiba yake yote ingali benki, hana deni la mkopo, hana kesi, na bibi kizee anaendelea kupalilia muhogo wake bila kujua kwamba alikuwa karibu kuuzwa pamoja na shamba. Kiwanja kingine kitapatikana. Kiinua mgongo cha pili hakuna.